Aliyepiga Magoti wa Kwanza

Oktoba 6, Jumanne
Muuguzi wa zahanati ameniagiza nitafute daftari niwe naandika presha yangu kila siku. Leo ni 150 kwa 95. Nimemwambia hajakosea mtu, maana nilipokuwa darasa la saba mwandiko wangu ulibandikwa ukutani wenzangu wauige. Sikuendelea na masomo, lakini nilizaa waliostahili kuendelea.

Presha ni mstari mmoja na daftari lina kurasa themanini, kwa hiyo nitaandika na mengine. La kwanza: mwanangu mkubwa anarudi Jumamosi. Ni fundi seremala. Wenzake wa karakana wanamwita Rula, kwa sababu akiutazama ubao kwa jicho tu anakutajia urefu wake, na ukipima hukuti amekosea hata upana wa ukucha. Miezi tisa hakuwepo. Mtaani na kanisani wanajua alikwenda kusomea samani za kisasa. Mimi ndiye niliyewaambia. Alikuwa kwenye ile nyumba ya kuwasaidia watu kuacha pombe, mji wa pili, kwa mama mlezi aliyestaafu uuguzi. Sikudanganya sana. Kule nako wanafundishwa.

Tunaojua ni wanne: mimi, baba yake, mke wake na mwenyewe.

Oktoba 10, Jumamosi
Amerudi. Mashavu yamejaa, macho meupe kama ya mtoto. Nilimjazia chai hadi ukingoni makusudi, akakibeba kikombe kutoka jikoni hadi sebuleni bila kumwaga tone. Nikatoka nje kana kwamba naangalia nguo kambani, nikalia, nikanawa, nikarudi. Baba yake alimshika mkono muda mrefu, kisha akamuuliza kama basi lilijaa. Hiyo ndiyo hotuba ya mzee wangu.

Mkwe wangu hakucheka wala hakulia. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu anayetazama maziwa yaliyo jikoni. Ni mchapakazi, sina kasoro ya kumtoa, lakini furaha kwake ni kama chumvi ya kuazima.

Oktoba 11, Jumapili
Nimevaa gauni la zambarau nililojishonea mwenyewe, nikaingia kanisani na mwanangu kwa mlango wa mbele. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa masomo yaliyokamilika, maana miezi yote tisa nilikuwa napeleka jina lake kwenye maombi ya wanafunzi. Watu wakapiga makofi. Mama Karani, ambaye kila mtu anamwita hivyo kwa kuwa mwanawe ni karani na hakuachi usahau, aliniuliza cheti kiko wapi. Nikamwambia kinachapishwa. Kumbe Rula alikuwa nyuma yangu. Njia nzima alitembea hatua tatu mbele yangu.

Nilimwambia baba yake jambo hilo jioni kwa kucheka. Hakucheka. Akasema, "Mama Rula, mficha maradhi..." kisha akanyamaza. Nikamwambia amalizie. Akasema nimalizie mwenyewe, mimi ndiye niliyesoma.

Oktoba 14
Mvua. Presha 145 kwa 90. Sare kumi na mbili ninazoishonea shule ya jirani zimebaki vifungo.

Oktoba 17, Jumamosi
Leo lazima niandike kwa kalamu mpya. Reli ya kupigia magoti mbele ya madhabahu imeoza miguu, na mchungaji ameuliza kama Rula anaweza kutengeneza nyingine kabla ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, siku ya Meza ya Bwana. Nikajibu kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Nikaongeza kwamba kule masomoni walifundishwa hasa mambo ya kanisa. Mungu anisamehe, ulimi ulikimbia kuliko miguu.

Oktoba 20
Mkwe wangu alikuja akiwa na mwavuli uliovunjika, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Mimi ni mwenyekiti wa wanawake wanaoandaa Meza ya Bwana. Nafua vitambaa, nasugua kikombe cha fedha kwa majivu laini, na chupa za divai zinakaa kwangu, kwenye kabati la vyombo vya wageni. Miaka sita sasa. Akasema taratibu, akitazama sakafu, je, zile chupa zisingeweza kukaa kanisani kwa muda?

Nikamuuliza amemwona nani humu ndani anayeiba vitu vya Mungu. Akasema hakuwa na maana hiyo. Nikamwambia mume wake alilelewa katika nyumba ambayo pombe haijawahi kuvuka kizingiti. Akanyanyua macho, akasema, "Mama, ile ni pombe." Nikasimama nikaanza kukunja sare. Akaondoka, mvua ikiwa bado inanyesha. Sikumwambia asubiri ikatike.

Oktoba 22, Alhamisi
Presha 160 kwa 100. Sababu naijua.

Rula alikuja mchana akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisubiri hadi nilipoizima cherehani, kisha akasema siku ya Meza ya Bwana anaomba moja kati ya mawili. Ama abaki amekaa benchi lake linapoinuka, ama apokee mkate na kikombe kimpite, lakini hilo la pili lazima mchungaji ajulishwe.

Nani asiyejua maana ya kubaki umekaa katika kanisa letu? Mtu akitengwa kwa kosa, hukaa wenzake wanapoinuka, basi. Hakuna anayetangaza, kila mtu anaona. Mwaka juzi mwalimu mmoja alibaki amekaa kwa sababu ya maumivu ya goti, na hadi Jumatatu mchana tulikuwa tumeshampatia mwanamke wa pembeni na mtoto. Nikamwambia mwanangu hilo haliwezekani. Na kumwambia mchungaji ni sawa na kumwambia kwamba miezi tisa aliombea mitihani ambayo haikuwepo.

Nikamwambia pia kwamba ile si pombe. Imebarikiwa. Kila Mkristo wa kwetu huweka sahihi kadi ya kutokunywa kileo akiwa na miaka kumi na nne, na hakuna aliyewahi kudai kadi hiyo inakataza kikombe cha Bwana. Ni funda moja, kama dawa.

Akasema, "Mama, mwili wangu haujui kusoma. Hauwezi kujua hiki ni cha kanisani na kile ni cha baa."

Baba yake, aliyekuwa mlangoni akitengeneza kiatu, alidakia bila kugeuka kwamba angependa kuelewa: kileo ni dhambi kikiwa kwenye chupa ya kahawia na ni baraka kikiwa kwenye ya kijani? Nikamwambia atengeneze kiatu.

Rula hakubishana. Alisema jambo moja tu zaidi, kwamba mama mlezi aliwafundisha kumtafuta mtu mmoja wa kumwambia, kila mahali unapoingia mtu mmoja. Nikamjibu kwamba mtu huyo ni mimi, na nimeshaambiwa. Akaichukua chai yake, akainywa yote, akashukuru.

Oktoba 25, Jumapili
Mahubiri yalikuwa juu ya ulevi. Mchungaji alisema mlevi ni mtu aliyemchagua bwana mwingine. Rula alikuwa anakitazama kiganja chake. Mimi niliitikia amina, kwa sauti, nisije nikaonekana nimekaa kimya.

Oktoba 28
Mvua. Sare zote za shule ya jirani zimekwisha. Sijapima.

Oktoba 31, Jumamosi
Reli imefungwa. Mbao nyekundu, imenyooka kama mstari wa kuchora, viungo vyake hata ukipitisha kidole huwezi kuvihisi. Wazee wa kanisa waliizunguka kama watu wanaonunua ng'ombe, wasipate kasoro. Nikawaambia, kwa heshima, ingekuwa vizuri aliyeitengeneza apige magoti wa kwanza. Wakasema ni wazo zuri. Mama Karani alikuwepo.

Rula aliposikia alisema sawa. Alisema vile ambavyo wateja wake husema sawa wakiambiwa kitanda hakitakuwa tayari.

Novemba 1, Jumapili
Siku kubwa katika nyumba hii. Kanisa lilijaa, mvua ikawa inapiga bati lakini sauti ya kwaya ikaishinda. Mwanangu alitembea peke yake hadi mbele, shati jeupe nililolipiga pasi mimi, akapiga magoti kwenye reli yake. Mimi nilisimama kando ya mchungaji na kitambaa cha kufutia ukingo wa kikombe, kama kawaida yangu. Alipokea mkate, akapokea kikombe. Kisha wengine wakafuata.

Nilijua hakuna litakalotokea. Mama Karani alinishika mkono nje, akasema nimebarikiwa. Presha sikupima lakini najisikia msichana.

Novemba 2
Mvua. Nimewashonea watoto wa mtaa wa juu kaptula nne.

Novemba 5, Alhamisi
Rula anakuja kila siku sasa, mchana, wakati baba yake amelala na mimi niko barazani na wateja. Anapita jikoni, anajichemshia chai ya rangi mwenyewe, anakaa kidogo, anaondoka. Nimewaambia majirani wamwone mtoto anayemkumbuka mama yake. Wana wa wengine hata salamu hutumwa kwa simu.

Novemba 9
Nimetoa vyombo vya wageni nivifute, nikaona divai ya chupa iliyofunguliwa imepungua. Nimemuuliza mzee wangu. Akasema yeye kamuoa mwenyekiti, ana wazimu gani? Nimeona aibu kumshuku. Labda Jumapili ile watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani.

Mkwe wangu hajaja kwangu tangu ile siku ya mwavuli. Nimesikia aliulizia kwa jirani kama mimi nipo nyumbani mchana. Kwa nini asije kuniuliza mimi? Kiburi.

Novemba 12, Alhamisi
Naandika kwa sababu nikiacha mikono ikae bure inanitisha.

Saa tisa mchana mwenye karakana alinipigia simu. Hakusalimu. Alisema nije na mtu mwenye nguvu. Nilimpitia mkwe wangu kwa sababu nyumba yake iko njiani, na nilipofika alikuwa amesimama mlangoni amevaa viatu, kama mtu aliyekuwa akiisubiri safari hiyo siku nyingi. Tulikimbia kwenye matope. Mimi na presha yangu, na gauni la kazini lenye pini kifuani.

Rula alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, kichwa kimeinama. Mashine ya kuranda ilikuwa imezimwa lakini mkono wa kushoto wa shati lake ulikuwa umening'inia vipande vipande, umeliwa hadi kiwikoni. Mwenye karakana alituonyesha kwa vidole viwili nafasi iliyobaki kati ya nyembe na nyama. Alikuwa amesinzia mashine ikinguruma, shati likashikwa, na fundi mwenzake akawahi swichi. Mkono ulikuwa na mchubuko tu. Nimeutazama mkono ule tangu ulipokuwa wa kushika kidole changu.

Harufu niliijua. Haikuwa ya pombe ya baa. Ni harufu ninayoisuuza kwenye kikombe cha fedha kila mwezi.

Mkwe wangu hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamfungua mumewe vifungo, akalivua lile shati, akamvika sweta yake mwenyewe ya kike. Kisha akaomba samahani kwa mwenye karakana, kwa niaba yetu wote, kwa maneno mazuri ambayo mimi sikuwa nayo. Nilisimama tu. Mwenyekiti.

Nilipofika nyumbani nikafungua kabati. Chupa iliyofunguliwa ilikuwa tupu. Chupa ya pili ilikuwa imejaa, kizibo mahali pake. Nikakivuta, kikatoka bila ubishi, nikaonja. Chai ya rangi, isiyo na sukari.

Na mimi ndiye niliyewaita majirani waje kuona.

Novemba 13
165 kwa 105. Muuguzi aliuliza nimekula nini. Nikamwambia sikumbuki.

Novemba 14, Jumamosi
Novemba 1 sikuandika yote. Nilidhani jambo lisipoandikwa halikutokea.

Mchungaji alipoinamisha kikombe, mwanangu hakufungua mdomo. Alinyanyua macho. Hakumtazama mchungaji, alinitazama mimi niliyeshika kitambaa. Ilikuwa ni kitambo kidogo, watu wa nyuma wasingeweza kuona. Alikuwa ananiuliza. Nami nikamjibu kwa kidevu, vile nilivyokuwa namwamuru akiwa mdogo mbele ya wageni: kunywa. Akanywa. Nikaufuta ukingo wa kikombe alipogusa, nikapeleka kwa anayefuata.

Leo nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa kitandani amenyoa ndevu, mkono una bandeji. Mkwe wangu alinipa kiti kisha akakaa, hakutupisha, na safari hii niliona ni haki yake. Alisema yeye ndiye aliyeulizia kwa jirani, alitaka kujua kama mumewe akija kwangu huwa nipo naye. Aliogopa kuniuliza mimi. Nikamwambia alikuwa sahihi kuniogopa.

Nilianza kumwambia mwanangu kuhusu kidevu. Akanikatiza.

"Mama, kikombe nilikipokea mwenyewe, sikulaumu. Nilipoinuka pale nilikuwa naisikia ladha yake kwenye meno, na kila siku nikailala na kuiamkia. Siku ya tatu ningeweza kusema. Nikatazama kanisa zima nikakosa wa kumwambia, maana wote wananipongeza kwa cheti."

Nikasema "ndiyo" tu. Mimi, ambaye hata muuguzi huniomba nifupishe.

Novemba 15, Jumapili
Baada ya ibada nimemwambia mchungaji kila kitu, ofisini kwake, mlango umefungwa. Masomo, cheti, chupa, kidevu. Nilitegemea anikemee. Badala yake akasema kanisa alilokuwapo kabla ya hapa walikuwa na kikombe cha pili, kidogo, cha maji ya zabibu, kwa wazee wawili waliokuwa na historia hiyo. Kilikaa kando ya kile kikubwa na hakuna aliyewahi kuuliza. Alipohamia hapa hakuona wa kukihitaji, akaona kwetu tuko salama.

Nikamuuliza ingechukua muda gani kukiandaa. Akasema dakika moja.

Alisema na yeye ana lake la kujutia, yale mahubiri ya Oktoba. Alihubiri kama mtu anayejua walevi wote wako nje ya jengo. Nikamuuliza basi, baada ya yote, Mkristo anywe au asinywe? Zamani ningemjibu mwenyewe kabla hajavuta pumzi, na kumwonyesha kadi yangu. Akasema yeye hanywi, na ana sababu zake, lakini wapo wacha Mungu kuliko yeye wanaokunywa glasi moja arusini na kulala usingizi wa haki, na Bwana mwenyewe hakuwapa wageni wa arusi maji. Wengine funda moja linawamaliza. "Tulipaswa kuwauliza," alisema. "Tuliwapa kadi."

Nimeikumbuka hiyo kadi. Ile ya Rula iko kwenye fremu ukutani kwangu. Nilimwekea kioo. Sahihi ya mtoto wa miaka kumi na minne, herufi zimelala, na mimi kila mgeni nilimwonyesha.

Novemba 17, Jumanne
Tumempeleka. Mkwe wangu, mzee wangu na mimi. Basi lilikuwa nusu tupu na mvua ilipita kwenye dirisha lisilofunga. Mama mlezi ni mfupi, anavaa raba za wanaume. Alimpokea Rula kama mtu aliyetoka dukani, akamwambia kitanda chake kina mwenyewe sasa, atalala kile cha dirishani. Hakuna aliyeuliza imekuwaje.

Wiki sita haruhusiwi wageni. Mzee wangu alimshika mkono ule mzima, akakosa la kuuliza kuhusu basi kwa kuwa tulikuja pamoja, akamkumbatia. Sijawahi kuona hilo katika maisha yangu ya ndoa.

Mimi aliniambia jambo moja. "Safari hii waambie niko wapi."

Njiani kurudi mkwe wangu alilala, kichwa chake kikaangukia bega langu. Niliogopa kusogea nisije nikamwamsha.

Novemba 19
Mvua imepungua. Mwenye karakana amesema nafasi yake itamngoja hadi mwezi wa pili. Alisema hamwekei mlevi, anamwekea Rula. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Novemba 23
150 kwa 95. Mara tatu nimejaribu kumwambia mteja mmoja tu, nipate mazoezi. Mara tatu nimeishia kusema hajambo.

Novemba 26, Alhamisi
Kikao cha wanawake wa Meza ya Bwana. Tulikuwa kumi na mmoja, kwenye chumba cha nyuma chenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Ajenda ilikuwa kuandaa meza ya Desemba. Nikasimama, nikasema nina neno kabla ya ajenda. Niliweka ufunguo wa kabati mezani, nikasema mwanangu hakuwahi kwenda masomoni. Yuko kwenye nyumba ya kuacha pombe, kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alirudi mzima. Aliyemharibia ni mimi, kwa kuwa nilitaka mumwone. Nikasema na habari ya chupa, na kwamba kuanzia Desemba mchungaji ameagiza kiwepo kikombe cha pili.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vicheko, na nilistahili. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikohoa. Tukaendelea na ajenda, nani atafua vitambaa, nani ataleta maua.

Watu walipotoka Mama Karani alibaki akijifanya anatafuta kiatu. Nikajisemea haya, sasa nipokee changu. Alinisogelea hadi nikaona poda imemkauka kwenye mikunjo ya macho. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana kama kule kwa mama mlezi kuna kitanda kingine.

Sikumwelewa kwanza. Nikamuuliza cha nani.

"Cha Karani," akasema. "Walishamwachisha kazi tangu mwezi wa pili. Miezi tisa yote, mama, nilikuwa natafuta mtu wa kumuuliza."

Mwezi wa pili. Mimi nilikuwa nimeshakuwa na jibu, benchi mbili nyuma yake kila Jumapili, nikimwambia habari za cheti.

Hatukuwa na karatasi. Nimemchania ukurasa wa daftari hili, nikamwandikia mahali pa kushukia, namba ya simu, na kwamba aulizie mama mfupi mwenye raba za wanaume. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Niliandikia juu ya goti, akanishikia karatasi isiteleze.